Swali la Redio

Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ukitaka kujua kama mtu ana redio, usimwulize. Tazama mawe ya mbele ya nyumba yake. Betri zikichoka huanikwa juani zirudishe nguvu kidogo, na kwa Kantengwa, muuza maziwa, kila Alhamisi asubuhi jiwe la mlangoni lilijaa betri. Alhamisi ndiyo siku yenyewe. Alasiri redio moja ya Mbarara ilisoma majina ya watu waliopotezana vitani: fulani anamtafuta mama yake, fulani yuko mahali fulani, hajambo. Aliyeyasoma ni Evas, dada mwenye sauti ya kutulia. Majirani walijaa uani kwa Kantengwa, na wakati wa majina hakuna aliyethubutu kumimina maziwa. Anayesikia jina la mtu wake husimama. Kantengwa alikuwa hajasimama bado. Yeye na mwanawe Mihigo walipotezana siku waliyokimbia kutoka kwao, milima ya Itombwe, na mama huyu aliamini kwamba mtoto akiwa hai, popote alipo, siku moja atatuma jina.

Asubuhi moja ya Alhamisi pikipiki ikamshusha msichana pale mlangoni. Aliitwa Shanitah, alisomea mambo ya redio na televisheni katika chuo kimoja cha Nyamitanga, pale Mbarara. Mwalimu wao alikuwa amewatuma waulize watu wanasikiliza nini, saa ngapi, na akina nani. Redio huishi kwa wasikilizaji, alieleza. Mwenye sabuni hawezi kulipia tangazo la sabuni pasipo na masikio. Maelezo mazuri hayo, angeishia hapo.

"Mama, wewe usiogope," aliongeza. "Baba yangu ni askari, sisi nakaa baraksi pale Mbarara. Ukikumbuka kitu ingine, kuja kwa geti, uliza binti ya Sajini Kezironi."

Jamani! Ndivyo anavyotulizwa mkimbizi? Mtoto wa watu alidhani anajitambulisha kwa heshima. Kantengwa alisikia neno askari tu, mengine yote yakapita pembeni.

"Sasa mama, nyinyi nasikiliza redio gani?"

Msimcheke Kantengwa kwa alichojibu. Kule milimani kijana mmoja mpole, mwenye tabasamu, aliwahi kumwuliza mumewe swali hilo hilo. Mume akajibu ukweli, akaitaja redio ya ng'ambo ya mpaka, hata akaisifu. Kesho yake mchana wakaja wenye bunduki, wakamchukua, wakisema sikio lake liko kwa adui. Hakurudi. Mdomo uliponza kichwa, na Kantengwa aliapa kwamba wake hautaponza cha mtu.

"Siko na redio, mutoto wangu."

Shanitah akatazama jiwe. "Na hizi betri?"

"Ni za tochi."

"Mingi hivi?"

"Huku kunakuwaka giza mingi."

Msichana akatabasamu, akagusagusa simu yake, akaaga kwa adabu. Lile tabasamu ndilo lililomharibia Kantengwa siku. Anachekea nini? Na wanaosikiliza pamoja naye anawatakia nini? Msichana hajabisha hodi nyumba ya pili, Kantengwa alikwisha kata uchochoro hadi kwa Ngoga, shemasi wa kanisa lao.

"Kuko mutoto wa askari anaulizia redio," alisema.

Ngoga akakunja uso. "Kule kwetu balianza vile vile. Tuseme nini?"

"Museme munasikilizaka nyimbo za kanisa tu. Ile ya majina hatuijue."

Neno likamtangulia msichana nyumba kwa nyumba. Kila alikoingia alikuta jibu limeshapikwa na kupakuliwa: nyimbo za kanisa, binti, nyimbo za kanisa. Hata Melchior, Mrundi asiyekanyaga kanisani ila kwenye mazishi, alidai kwamba bila kwaya chakula hakimshuki. Alasiri hiyo waliisikiliza redio ndani kwa Kantengwa, mlango umefungwa, sauti chini kabisa, na mwenye nyumba alijiona shujaa.

Wiki zikapita. Kila mgeni alitazamwa mara mbili. Muuza vitenge aliyepumzika kidogo karibu na ua alihojiwa mpaka akaondoka ananuna. Lakini hakuna aliyekuja kuchukua mtu.

"Bongo ingine inaokoaka mutu," Ngoga alisema, na bongo kwao ni uongo.

Halafu Alhamisi moja Evas akafungua kipindi kwa sauti isiyo yake.

"Ndugu zangu, leo ni mara ya mwisho. Wanafunzi wa chuo walipita Nakivale kuuliza mnasikiliza nini, na hakuna nyumba hata moja iliyotutaja. Mimi najua mpo. Ila wakubwa wangu wanaamini hesabu kuliko maneno yangu. Kuanzia wiki ijayo saa hii itakuwa ya nyimbo za kanisa, kwa kuwa mmesema ndizo mnazozipenda."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Evas akasoma majina harakaharaka, kisha akasema, "Na wengine mliotuletea majina, mtusamehe, muda umetutupa mkono." Kwaya ikaingia.

Na wengine! Maneno hayo yalimchoma Kantengwa kifuani. Huenda Mihigo alikuwa miongoni mwa hao wengine, na aliyemfungia mlango safari hii hakuwa adui wa Itombwe. Alikuwa mama yake mzazi.

"Tulijikinga tu, Mama Mihigo," Ngoga alisema.

"Tulijikinga na nani?"

Kantengwa akaizima kwaya.

Kesho yake asubuhi alivaa kitenge cha kanisani akaenda Mbarara. Njiani Kabingo ikapita, Masha ikapita, naye moyoni anachambua mtego. Labda Evas na yule msichana ni kitu kimoja. Labda kipindi kimefungwa makusudi, ili wenye redio wajitokeze wenyewe. Aliwaza hivyo mpaka mbele ya kambi ya jeshi, akasimama upande wa pili wa barabara, mara aende, mara arudi nyumbani. Mwishowe akavuka.

Askari wa zamu alikuwa na bunduki begani na hindi la kuchoma mkononi. "Nyabo, mama, wewe nataka nani?"

"Binti ya Sajini Kezironi."

"Ya nini?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini: nimeleta maziwa. Akaumeza.

"Aliniuliza redio yenye nasikilizaka. Nilimuambia bongo. Nimekuja kumuambia kweli."

Askari akacheka. Hakuwa na ubaya wowote, zamu tu ilikuwa imemchosha. "Redio gani hiyo wewe nasikiliza?"

Swali lile lile, na safari hii na bunduki ipo. Kantengwa aliitazama. Akashika nguzo ya geti.

"Ile ya kuita majina," alisema. "Kila Alhamisi. Nasikilizaka na majirani bangu bote. Nyumba yangu iko nyuma ya kanisa. Jina yangu ni Kantengwa, na mutoto mwenye nangojea anaitwa Mihigo."

Askari akaacha kucheka. Akamsogezea kiti chake, akaingia ndani kumwita msichana.