Ma-ma-ma-ma, Nifungulie

Wanaosema Lemuel Purdy ndiye aliyetunga wimbo ule, waje waniulize mimi. Nyumba yangu na ya kina Gaskins zinatumia ukuta mmoja, hapa Mtaa wa Mosher, Baltimore, na siku wimbo ulipopatikana nilikuwa nimepiga magoti nasugua ngazi zangu za marumaru. Hakuna aliyetunga kitu. Mtu aliibiwa mchana kweupe, basi.

Thaddeus Gaskins alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Akienda kununua mkate, mwenye duka alishaufunga kwenye karatasi, yeye bado anahangaika na neno la kwanza. Kila mtu alimmalizia maneno yake, isipokuwa mama yake. Bi Odessa alikunja mikono kifuani akasubiri mpaka mwanawe afike mwisho mwenyewe, hata chakula kiungue jikoni. Siku moja nilimsaidia Thad neno, nikakiona. "Koma!" aliniambia. "Neno ni lake. Mwache alitoe."

Lakini akiimba, jamani! Ulimi ulifunguka, sauti nzito ikashuka chini kabisa bila kukwama popote. Ndiyo maana Lemuel na wenzake wawili walimchukua awaimbie besi. Walijiita Moshertones, na mazoezi yao walifanyia chooni shuleni, kwa sababu vigae vilirudisha sauti vizuri. Wenzake walitafuta wasichana. Thad alitafuta mahali pa kufika mwisho wa sentensi bila kuchekwa, na alikuwa hana pengine.

Sasa sikilizeni. Alasiri hiyo Thad alirudi mbio, mkojo umembana, kasahau ufunguo. Bi Odessa yuko uani anaanika nguo. Kijana mzima wa miaka kumi na saba akaanza kugonga mlango: "Ma-ma-ma-ma! Ma-ma-ma-ma!" Neno likakwama hapo hapo. Ng'ambo ya barabara Lemuel na wenzake wamekaa ngazini. Unadhani waliinuka? Walipiga makofi kufuata kigugumizi chake! Mmoja akaweka "uuu" juu, mwingine akaweka "uuu" ya kati, na Lemuel, na ile sauti yake ya asali, akadakia: "Nifungulieee!" Mlango ulipofunguliwa, Thad alikuwa ameshajilowesha. Wao wanacheka mpaka wanalala chini.

"Thad, hiyo ndiyo besi yetu!" Lemuel alipiga kelele. "Usibadilishe kitu, bwana!"

Thad alikataa. Lemuel akamwambia mbele yangu, bila haya: "Ama uimbe hivyo, ama tutafute besi mwingine. Wewe ukitoka kwetu utaongea na nani?"

Akaimba. Afanyeje?

Wakaurekodi, santuri ikatoka kiangazi, na kiangazi kizima hukupita baa wala kwa kinyozi usiusikie. Kijana anamgongea mama wa mpenzi wake, ma-ma-ma-ma, nifungulie, nimekuja kumwona binti yako. Upuuzi mtupu, na watu wakaupenda kufa. Thad hakuweza tena kupita mtaani. "Vipi, Thad, umeshafunguliwa?" Watoto wadogo, wanawake wazima, wanaume aliofanya nao kazi kiwanda cha chuma, wote. Moshertones walisambaratika kabla santuri yao ya tatu haijauzwa, lakini utani huo haukumtoka.

Tangu hapo aliacha kutamka neno "Mama." Akimtaka mama yake aligonga ukuta mara mbili, ko-ko, nami upande wangu nikisikia. Miaka ilipita, mvi zikamwota, bado ko-ko. Bi Odessa aliitika kila mara, lakini mimi mwanamke mwenzake nilimwona usoni. Kukosa kuitwa kulimuuma.

Bi Odessa alipolala kitandani mara ya mwisho alimshika mwanawe mkono mbele yangu. "Siku yangu usiniimbie," alisema. "Nimechoka na nyimbo. Simama uniite kama zamani, halafu useme lako. Nitakusubiri."

Alipofariki, wiki ile yote nilimsikia Thad ukutani akijaribu. Ma. Ma. Ananyamaza. Anaanza tena.

Siku ya mazishi kanisa lilifurika. Thad akasimama kando ya jeneza, karatasi hana, jasho linamtiririka.

"Ma-ma..."

"Taratibu, mwanangu!" akina mama wakamtia moyo, kama tunavyofanya kwetu mtu akikwama madhabahuni.

"Ma-ma-ma-ma..."

Mpiga kinanda akatafuta sauti, akaipata. Kanisani kwetu mtu akianzisha wimbo haachwi peke yake, anaitikiwa, na wao walidhani anaanzisha. Safu ya nyuma ikatoa "uuu." Safu ya kati ikaitika. Na Lemuel Purdy, kitambi hicho, suti ya rangi ya krimu msibani, akainuka, akanyoosha mkono: "Nifungulieee!"

Nikainuka. "Nyamazeni! Mwacheni amalize! Anamwita mama yake, nyie!" Wakadhani Roho ameniingia. Wahudumu wawili wenye glavu nyeupe wakanikalisha wakanipepea.

Thad alilitazama jeneza. Alijaribu mara moja zaidi, nikaona mdomo unavyomcheza, lakini makofi yalikuwa yameshamfunika. Mabega yakamshuka. Akaimba besi. Aliimba yote mpaka mwisho, safi, pasipo kukwama, machozi yanamwagika, na watu wakasimama wakalia kwa furaha. Mpaka leo wanasema hawajaona mazishi mazuri kama yale.

Baadaye tulikula kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, nyama ya nguruwe na viazi vya mayonezi. Thad akaja kukaa karibu yangu.

"Ni-ni-nili... nilita-ta..."

Nikaweka uma chini. Nikakunja mikono kifuani, nikasubiri.

"Nilita-ta-taka ku-ku..."

Lemuel alikuwa anapita na sahani yake. Akampiga Thad begani. "Alitaka kusema asante, dada. Tumemsindikiza mama vizuri. Au siyo, Thad?"

Siyo! Mungu ananisikia, haikuwa hiyo. Thad alimtazama Lemuel, akanitazama mimi, mdomo bado wazi. Kisha akaufunga, akaitika kwa kichwa, akaenda kuwasaidia akina mama kuosha sahani.