Jina Nililolizima kwa Kidole

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kila nikikuona unavyoionea fahari hiyo meza yako. Nilikuwa kijana, nina nywele tele (usicheke), na studio yetu ya Bombolulu ndiyo kwanza imepata meza ya kuchanganyia sauti, ya kuunganisha na kompyuta. Ilikuwa na vishikizo vinane vya kupandisha na kushusha sauti. Ukiurudia wimbo vilitembea vyenyewe, maana kompyuta ilikumbuka kila ulichofanya. Kila aliyepita mlangoni nilimwita aje aone.

Bi Zuhura, mwimbaji wa harusi, alikuja kurekodi wimbo. Ubeti wa mwisho uliwataja wazee wa pande mbili kama ilivyo ada, na jina la kufungia lilikuwa la nyanya yake bwana harusi, Bi Mwanasha wa Likoni.

Sasa sikiliza. Vishikizo ni vinane, lakini sauti za wimbo zilipita ishirini. Kwa hivyo kuna kitufe, ukikibonyeza, vishikizo vile vile vinashika sauti nyingine. Mimi nilikibonyeza nikasahau, huku nikimringia mgeni mmoja niliyemwita mlangoni. Nikadhani nashusha ngoma pale mwishoni, kumbe namshusha Bi Zuhura. Wala sikuusikiliza tena, nikaupeleka ukapigwe harusini.

Harusini majina yote yalisikika ila moja. Bi Mwanasha aliinuka, akavaa buibui lake, akaenda zake mbele ya wageni. Watu wakasema Bi Zuhura kamruka makusudi.

Kesho yake Bi Zuhura akaja studioni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, lakini hakukaa.

"Nipigie huo wimbo."

Nikaupiga. Lilipofika lile jina, kishikizo kimoja kikateremka chenyewe mbele ya macho yetu.

"Ni mashine, Bi Zuhura," nikasema.

"Mashine yakumbuka ulilofanya wewe. Masikio yako yalikuwa wapi?"

Wallahi, niliona haya. Kurekebisha kulitaka kidole kimoja tu. Kisha akanichukua hadi Likoni, nikakiri kwa mdomo wangu. Bi Mwanasha aliusikiliza wimbo wote kwa utulivu.

"Nashukuru, mwanangu," akasema. "Lakini wale waliosikia sikutajwa hawapo hapa leo."

Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi, mwanangu, meza yako ni nzuri, itumie. Ila kabla hujagusa kishikizo, tazama kimeshika sauti ya nani. Ukimaliza, zima kioo cha kompyuta, ondoa mikono, usikilize wimbo hadi mwisho, kwani kila sauti ina mwenyewe, na mwenyewe ana moyo. Ukikosea usiisingizie mashine. Nenda mwenyewe, tena mapema, kabla wageni hawajatawanyika. Mungu aibariki mikono yako, na masikio yako ayajaalie kuitangulia. Amin.