Aliyetoka Harudi

Shangazi yangu ana sheria moja ya safari: ukishavuka mlango, hakuna kurudi. Umesahau nini, shauri yako. Kurudi ni mkosi. Utotoni niliwahi kwenda chuoni bila msahafu na kuchapwa kwa ajili ya sheria hiyo.

Siku hizi mimi ni rubani wa ndege ndogo ya injini moja. Majuzi nilimchukua shangazi kumpeleka harusini Malindi. Tukiwa ndani ya mashua ya kuvukia Manda, kwenye uwanja wa ndege, bado imefungwa gatini, akakumbuka kuwa miwani yake imebaki nyumbani Wiyoni. Nikamwambia angoje niikimbilie.

"Haturegei," akasema. "Arusi taiona kwa moyo."

Basi tukaruka. Hatujapanda sana, matawi ya mikoko bado nayaona moja moja, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Kimya kile sikitaki tena maishani.

Mwalimu wangu wa urubani alitukaririsha hadi tukachoka: injini ikizima karibu na ardhi, usigeuze. Shusha pua upate mwendo, utue palipo mbele yako. Uwanja ulio nyuma utakuita, lakini ndege isiyo na nguvu ukiipinda chini chini vile huanguka kama nazi.

Nikashusha pua. Shangazi, ubavuni mwangu, akaudaka mkono wangu wa usukani na kuuvuta.

"Regea! Regea tulikotoka, mwanangu!"

Niliogopa, sifichi. Mkono wake ule ndio ulionilea, na tangu nizaliwe sijawahi kuukatalia. Nikapiga kelele, "Shangazi, aliyetoka harudi!"

Akaniachia papo hapo, akaanza shahada.

Maji yalikuwa yamekupwa, Alhamdulillahi. Mbele kulikuwa na mchanga mtupu. Nikafunga mafuta, nikauendea. Tukadunda, tukaburuzika, gurudumu moja likazama, tukasimama upande upande kama kitanda kilichovunjika mguu. Wazima sote wawili.

Mvuvi mmoja aliyetuona akaja na mashua yake. Akauliza atupeleke wapi, uwanjani Manda tukatafute ndege nyingine?

Shangazi alikuwa akinipapasa uso, paji, mashavu, kidevu.

"La, Bwana," akamwambia. "Turegeshe Wiyoni. Nikavae miwani yangu, nimuone mwanangu."