Glavu ya Wote na Sinia la Posa

Jamani, mkinicheka sitawalaumu, maana mpaka leo nikiona sinia la wali mkono wangu wa kulia hukimbilia mfukoni wenyewe.

Ilikuwa enzi zile za Ujamaa, mimi ni mjumbe wa nyumba kumi pale Mwembesongo, nimeteleza njiani kule Bigwa nikavunjika kifundo cha mkono, hogo la plasta limetolewa lakini vidole vimekakamaa, basi nikapelekwa chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini, ambako kulikuwa na glavu moja ya kitambaa, nzito, imeshonewa vyuma, wagonjwa wote tunaivaa kwa zamu (na kufuliwa kwake sijui, sabuni zenyewe zilikuwa za foleni). Sista akaniambia kwa upole, "Baba, kila mtu anavaa kwanza mkononi soksi yake safi, ndipo glavu. Njoo nayo kesho." Mimi na kimbelembele changu cha cheo nikamjibu mbele ya watu, "Sista, sisi hatubaguani. Mali ya umma ni yetu sote." Wakanipigia makofi, nikatumbukiza mkono.

Wiki kadhaa baadaye vidole vimelainika, ila katikati yake pana vipele vinawasha balaa. Nikasema ni mbu.

Ndipo wakaja wageni kutoka Mlali kumposa Zainabu, binti wa dada yangu, na kwetu Waluguru mjomba ndiye msemaji. Zainabu alikuwa ameninong'oneza, "Mjomba, nampenda yule kijana, usiniharibie." Nikawapa wote mkono, tukanawa, tukazunguka sinia moja, wakanisubiri nitangulie. Muwasho ukapanda, nikajikuna kwenye goti, haukutosha, mara nashtuka najikuna kwenye ukingo wa sinia na wazee wote wanatazama vidole vyangu.

Baba wa kijana akauliza taratibu, "Ndugu mjumbe, huo si upele?"

"Ni wa hospitali," nikajitetea (nikidhani hapo nimejiokoa).

Akarudisha mkono wake, wenzake nao wakarudisha, wali ukapoa. Nyuma ya pazia nikamsikia Zainabu analia, na hilo liliniuma kuliko aibu yenyewe. Nikaona bora niseme yote, glavu, soksi, na ile hotuba yangu. Mzee akasema, "Binti tunamtaka. Mjomba akapake dawa kwanza."

Nilipaka, nikachemsha nguo zote, nikapona kabisa. Siku ya harusi nimeketi kwenye sinia na wakwe, dada yangu akaja na mzigo aliotumwa na bibi harusi: sahani ya peke yangu, kijiko, na soksi moja safi iliyokunjwa vizuri.

Nilikula kwa kijiko. Soksi ninayo mpaka leo, na hospitali siendi bila hiyo.