Sketi Arobaini za Damu ya Mzee

Casimiro Huallpa ameuza vitambaa mtaani kwetu La Paz miaka ishirini na miwili, na macho yake hayajawahi kutofautisha nyekundu na kijani. Zikikolea, zote humtokea kama tope. Kazi aliiweza kwa kukariri: jora gani liko rafu gani, la ngapi kutoka juu. Mwenye duka, Mama Hilaria, hakujua, na Casimiro, mtu wa maneno machache, hakumwambia. Muuza vitambaa asiyeona rangi angeajiriwa na nani?

Kisha wateja wakaanza kuleta picha kwenye simu. Picha haina rafu.

Mwingine angeacha kazi. Casimiro akajifunza kuandika programu. Kila mchana wenzake wakila, yeye alijibanza nyuma ya majora na daftari, akifuata masomo ya bure, akikosea na kufuta, karibu miaka miwili. Mwishowe simu yake ikaweza kusoma picha. Kila nukta ina namba tatu, ya wekundu, ya ukijani na ya ubluu. Programu inazilinganisha na orodha ya rangi, na jina ambalo namba zake ziko karibu zaidi ndilo linaloandikwa.

Orodha ya kwanza aliitoa mtandaoni. Akamwuliza mama mmoja kama anataka rangi ya samoni.

"Kaka, nimekuja kununua sketi au samaki?"

Akaifuta yote. Akapiga picha kila jora dukani, akaandika majina wanayotumia akina mama wenyewe: kasuku, haradali, majivu ya jiko, damu ya mzee.

Juni iliyopita, siku mbili kabla ya ngoma ya kila mwaka ya barabarani, Mama Eduviges alituma picha. Anaongoza kundi la wanawake arobaini, na kwetu kundi zima huvaa rangi moja. Mmoja akipishana hata kidogo, mtaa hucheka mpaka mwaka ujao. Sketi moja ya marinda mengi ilikuwa imeungua kwa pasi, na duka walikonunua limeishiwa kitambaa hicho.

"Zambarau hiyo," alisema Mama Hilaria. "Kata mita nane, gari la kupeleka mzigo linaondoka."

Programu nayo iliandika zambarau. Casimiro akashika mkasi. Lakini kwa mazoea yake ya kupima kila kitu, akagusa kwenye picha pindo la shimizi lililochungulia chini ya sketi. Simu ikaandika samawati. Mkono ukasimama. Hapa kwetu shimizi la ngoma ni jeupe. Akapunguza ubluu wa picha mpaka shimizi likawa jeupe, akapima sketi upya, kisha akapiga simu.

"Mama, picha mliipigia chini ya turubai la bluu?"

"La fundi, sokoni. Kwani?"

"Basi rangi yenu ni damu ya mzee."

"Sema polepole, baba. Wapinzani wetu wako hapa hapa."

Mama Hilaria alikuwa amesikia. "Mimi nina macho mawili nimeona zambarau. Wewe umeona nini?"

Angeweza kutania tu yakaisha. Akaweka mkasi mezani.

"Sijaona kitu, Mama. Nyekundu na kijani kwangu ni kimoja. Tangu siku ya kwanza. Ni simu inayoniambia."

Mama Hilaria akayatazama majora, rafu kwa rafu.

"Na hukuwahi kumkatia mtu kitambaa kibaya?"

"Mara moja. Mapazia ya kanisa."

"Yale ya kijani? Siku zote nilimlaumu padri." Akaenda mwenyewe kuliteremsha jora la damu ya mzee, akalitandaza mbele yake. "Kata."

Siku ya ngoma walisimama pamoja kando ya barabara. Sketi arobaini zikapita zikizunguka, zote tope machoni pa Casimiro. Akapiga picha. Mama Hilaria, ambaye macho yake hayana kasoro, akamsogelea.

"Simu inasemaje?"

"Rangi moja, Mama."

"Zote?"

"Zote arobaini."