Siku Nahodha Aliposoma Kilo za Baba Mkwe

Kuna watu ambao wakikumbuka aibu zao hucheka. Mimi bado. Nikikumbuka ile Jumamosi ya Kimulot masikio yanashika moto, na kama niko barabarani nasimama kidogo nijifanye nafunga kamba za viatu. Lakini kwa kuwa mmenisumbua sana, na kwa kuwa nusu ya Konoin inaisimulia vibaya (kuna wanaosema nilizama baharini, na mimi hata hiyo bahari sijaiona kwa macho mpaka leo), acheni niiseme mwenyewe, ili nikichekwa nichekwe kwa kosa nililofanya kweli.

Mnajua kazi yangu. Mimi ni karani wa mizani pale baying senta, kituo cha kununulia chai, wakulima wanaleta majani, napima, naandika, lori la kiwanda linakuja kubeba. Ni kazi isiyo na marafiki. Ukimtoa mkulima kilo mbili za gunia na umande, hata kama ndiyo sheria, anakuangalia kana kwamba umeingia shambani kwake na kikapu. Na kati ya wote walioniangalia hivyo, hakuna aliyeniangalia kwa muda mrefu kama Mzee arap Sigei, mkulima wa kituo changu hicho hicho, mzee mpana kama mlango wa ghala, ambaye kwa bahati yangu mbaya ndiye baba ya Chelangat.

Chelangat ni mwalimu wa watoto wadogo huko Sigowet, na mimi nilikuwa nimeamua, ni yeye au nizeeke peke yangu na mizani. Tulikuwa tumeshakubaliana sisi wawili. Aliyebaki ni mzee, na mzee kwa mwaka mzima alinisalimia kwa vidole viwili.

Sasa mzee huyu ana udhaifu mmoja tu, kuvua. Ujanani alifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai, akawa anawabebea mameneja fimbo za kuvulia wakienda mito ya msituni, akaangalia, akajifunza, na mpaka leo anavua mwenyewe ingawa wazee wenzake wanamcheka (kwa wazee wengi wa kwetu samaki na nyoka ni jamaa moja). Chelangat aliniambia kwamba babake ana hamu moja iliyobaki, kumvuta samaki wa maji ya chumvi, hata mmoja. Halafu akaniambia na jambo lingine, kwa sauti ya chini. Jicho la kulia la mzee limeanza kuisha. Anaficha. Hata mama hajui, ni Chelangat tu aliyemfumania siku moja akishindwa kuingiza uzi kwenye ndoano.

"Usimwambie mtu, Kibet. Akijua nimesema hatanisamehe."

"Nimwambie nani mimi?" nikamjibu.

Ndipo likanijia wazo, na mimi mawazo yangu huwa mazuri kwa siku tatu za kwanza. Nikaingia mtandaoni, nikatafuta, nikampata nahodha mmoja wa Pwani ambaye kazi yake ni kupeleka wageni kuvua. Haendi mbali, anabaki upande wa ndani wa mwamba, karibu na ufuo, ana boti ndogo, ndoano, chambo, kila kitu, na anakuonyesha mahali pa kurusha. Nikaandikiana naye, tukaelewana siku, baada ya koito. (Koito ni ile siku familia mbili zinakaa pamoja, zinakubaliana ng'ombe, na msichana anakuwa wako mbele ya watu.) Nilitaka nitangaze hiyo safari pale pale, kama zawadi kwa mzee, wote wasikie.

Nahodha akanitumia maswali kwenye simu. Alitaka kujua umri wa kila abiria, uzito wake (boti ni ndogo, lazima ajue nani akae wapi), magonjwa, kama anajua kuogelea, samaki wachukuliwe au warudishwe majini, na ikitokea ajali nani apigiwe simu.

Mtu mwenye akili angempelekea mzee hayo maswali. Lakini niambieni nyinyi, unamkalishaje mzee ambaye hajakupa binti yake, wewe ambaye hata kumtazama usoni sana ni utovu wa adabu, umuulize ana kilo ngapi na anaumwa wapi? Heshima ilinikataza. Kwa hiyo nikakaa nyuma ya mizani jioni moja, wakulima wameshaondoka, nikayajibu yote mwenyewe. Uzito nilikadiria kwa jicho, na jicho langu kwa kilo halikosei. Jicho la mzee niliandika kwa nia njema, aangaliwe asije akateleza, na nikajiambia nahodha yuko mbali, hamjui mtu hata mmoja Kimulot, siri ikifika kwake imefika mwisho wa dunia. Samaki nikaandika warudishwe, maana nilifikiria lile basi la kutoka Pwani mpaka Kericho na harufu. La mwisho, nani apigiwe, nikajiandika mimi (sikukumbuka kwamba mimi pia nitakuwa ndani ya hiyo boti).

Siku ya koito ikafika. Hema mbili, viti vimejaa, wageni wengine nawajua kwa namba zao za mkulima. Mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, ikazunguka, nyama ikazunguka, wazee wakazungumza ng'ombe wakakaribia kuelewana, na rafiki yangu Mwangi, yule wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Kericho, ndiye alikuwa na maikrofoni, kwa sababu ana mdomo na kwa sababu spika zilikuwa zake. Mjomba wangu akasimama akasema kijana ana zawadi. Akaeleza habari ya bahari. Nawaambia kweli, Mzee Sigei alitabasamu. Meno yake nilikuwa sijawahi kuyaona. Akasema, "Hiyo bahari yenyewe? Ya chumvi?" na watu wakapiga makofi, na Chelangat kutoka upande wa akina mama akaniangalia kwa namna ambayo kama Mungu angenichukua dakika hiyo nisingelalamika.

Na dakika hiyo simu ikalia. Nikatazama, ni nahodha.

Ningeinyamazisha. Ningetoka nje. Lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba, nikaona hapa ndipo watajua sidanganyi, nikaweka simu kwa sauti kubwa ili meza yetu isikie. Kidole kimoja tu. Mwangi, kwa wema wake, akaona watu wa nyuma wanakosa uhondo, akanipokonya simu akaiweka kwenye maikrofoni.

"Bwana Kibet, habari za huko?" Sauti ya nahodha ikatoka kwenye spika ikaenda mpaka barabarani. "Nimekupigia kwa sababu tarehe uliyotaka ni maji mafu, samaki hawali vizuri. Nikikusogeza mbele siku nne tutapata bamvua. Sawa?"

"Sawa!" hema zima likajibu. Hakuna aliyejua bamvua ni nini (ni siku za maji kujaa na kupwa sana, nilikuja kujua baadaye).

"Vyema. Basi nakusomea majibu yako uyathibitishe, ndio utaratibu wetu, kisha nafunga kitabu."

Hapo ndipo nilipokumbuka nilichoandika. Nikainuka, na mjomba akanivuta koti bila hata kunitazama. "Keti. Siku ya koito mtu hakimbiikimbii mbele ya wakwe." Nikamfanyia Mwangi ishara ya kukata shingo, naye akanirudishia ya dole gumba.

"Abiria wa kwanza ni Mzee Sigei. Uzito, kilo mia moja na kumi na sita."

Mama mmoja akaguna.

"Na hapa umeandika, zimetolewa kilo mbili za koti na gambuti."

Kulikuwa na wakulima kama themanini chini ya zile hema. Kicheko kilichotoka sijawahi kusikia mfano wake, mpaka mbwa wa jirani wakabweka, na katikati ya kicheko hicho nikasikia sauti ya Mzee Sigei, taratibu kabisa, "Hata mimi? Hata mimi umenitoa kilo?"

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Ndugu zangu, nahodha yule ni mtu wa kazi, hakusimama. Akasema mzee hajui kuogelea, watu wakacheka. Akasema samaki wote watarudishwa baharini kama mteja alivyochagua, na shangazi ya Chelangat akaruka juu, "Warudishwe? Kwani mzee anaenda kusalimia samaki? Atoke hapa mpaka huko, ashike, aachilie, arudi mkono mtupu?" Wakacheka tena, na mimi nikaanza hata kutumaini, maana kicheko kinaweza kumwokoa mtu.

"Afya," akasema nahodha. "Presha kidogo, na goti la kushoto. Jicho la kulia haoni vizuri, lakini anaficha, familia haijui. Tafadhali msimtajie."

Hakuna aliyecheka. Mwangi akateremsha maikrofoni, amechelewa. Nikamwona mama ya Chelangat akigeuka polepole kumwangalia mume wake. "Jicho gani?" akauliza. Mzee akamtazama Chelangat, kwa sababu alijua kuna mtu mmoja tu duniani aliyejua. Na Chelangat akanitazama mimi. Nimewahi kupigwa, nimewahi kufukuzwa kazi, lakini sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka na yale macho.

Na simu bado inaongea. "La mwisho. Ikitokea ajali, Mungu apishie mbali, mzee akapoteza maisha, wa kupewa habari na kukabidhiwa mwili ni wewe Bwana Kibet. Umeandika uhusiano ni mwana. Ni sahihi?"

Kutaja kifo kwenye koito! Kaka mkubwa wa mzee akaangusha bakora. "Ng'ombe hazijafika," akasema, "hata moja haijafika, na huyu tayari anabeba maiti!" Akina mama wakapiga mayowe, mjomba wangu akashika kichwa, mtu akang'oa waya wa spika.

Mzee Sigei akanyoosha mkono akaniita mbele. Nikaenda. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona haya kukuuliza, baba."

"Uliona haya," akasema. "Sasa hiyo haya yako umenivalisha mimi. Mbele ya mama ya watoto wangu." Akasimama, akaingia ndani ya nyumba, akikwepa nguzo ya hema upande wa kushoto na kujigonga kwenye ile ya kulia, na safari hii kila mtu aliona. Koito ikaishia hapo. Wazee wetu walirudishwa bila hata chai, na mtu kutoka nyumba ya chai akikurudisha bila chai, umerudishwa.

Chelangat hakushika simu yangu kwa wiki sita. Siku aliyoshika alisema maneno machache tu. "Nilikuambia wewe, Kibet. Sikuiambia bahari." Nikaomba msamaha mpaka akachoka kusikiliza. Akasema, mimi nimekusamehe nusu, nusu nyingine iko kwa baba.

Ikabidi niende. Peke yangu, kwa miguu, bila mjomba, bila Mwangi. Nilimkuta mzee amekaa nje na kitambaa cheupe juu ya jicho, maana mama, baada ya ile siku, alimkokota hospitali mwenyewe, na daktari akasema lingecheleweshwa kidogo tu lingekwisha kabisa. Hakuniambia asante kwa hilo, na mimi sikuthubutu kudai. Nikatoa karatasi. Nikamwambia, "Baba, nimekuja kukuuliza." Nikauliza, moja baada ya jingine, yale maswali yote ya nahodha ambayo ningepaswa kuuliza tangu mwanzo. Na mzee akajibu. Alijibu tu, kama mtu anayeulizwa bei ya mahindi. Kuogelea hajui. Goti ni la kulia, si la kushoto. Samaki mmoja aletwe nyumbani, wengine warudi kwa mama yao. Nikashangaa ilivyokuwa rahisi, nikajilaani, nikaapa pale pale kwamba kuanzia leo jambo la mtu nitamwuliza mwenyewe, hata kama ni mkwe, hata kama ni chifu.

Likabaki swali moja.

"Na ikitokea jambo, baba, tumpigie nani?"

Jicho lake moja likaangalia majani ya chai mpaka kule chini mtoni.

"Andika mama ya Chelangat," akasema. "Wewe bado."

Nikaandika hivyo hivyo alivyosema, kwa herufi kubwa, nikampa asome.