Mbwa Akisimama

Mwanamke anayesambaza barua huku kwetu magharibi mwa Kansas hupakia mbwa garini kwanza, bunduki baadaye. Mawindoni hapigi mluzi wala hafoki. Hujipiga kofi moja pajani, na yule jike mzee mwenye madoa anaelewa. Vidole vimempasuka kwa baridi, lakini hutia risasi bila kubandua macho kwenye nyasi. Na ana ukaidi wake: ndege ambaye hakuonyeshwa na mbwa kwa kusimama na kumwelekezea pua, hampigi. Asubuhi hii jogoo wa fezanti, ndege wa porini wa jamii ya kuku, mnene, mkia mrefu, aliruka karibu na buti zake, naye akamtazama tu akienda zake. Jirani yake, Merle, akashika kichwa.

"Dada, yule alishakuwa supu."

"Mbwa hakuniambia kitu."

Mbele kidogo mbwa akasimama ghafla, mguu mmoja juu, pua imeelekea kichaka kikavu, anatetemeka. Kichaka chenyewe Merle alikuwa amekipiga teke sasa hivi, na hakikutoa hata kware mmoja.

"Macho yameisha, sasa na pua. Mfungie bibi huyo garini, tuwinde."

Mwanamke akaweka bunduki tayari, akaanza kukiendea kichaka polepole, kama anavyofanya siku zote.

"Wee, nimekwambia pale patupu."

"Nimesikia. Miaka yote akisimama, nimekwenda. Leo akikosea, tumekosea wote wawili. Wewe kaa nyuma yangu huko, ucheke ukiwa salama."